Miguu kufa ganzi ukiwa umekaa: tupeane uzoefu, kwako chanzo kilikuwa nini?

Habari za majukumu, wakuu.

Naomba tuzungumzie ganzi ya miguu inayomjia mtu akiwa amekaa tu. Ile ya kwenye basi la Dar kwenda Mwanza inampata kila mtu, tuiache. Nauliza hii ya kila siku: umekaa kidogo, unataka kuinuka, mguu huusikii.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Kibandani nakalia stuli ndefu, haina pa kuegemea wala pa kuwekea miguu. Unaonisumbua ni mguu wa kushoto, kuanzia upande wa nje chini ya goti mpaka pale kamba za kiatu zinapofungwa. Nikisimama unachomachoma, halafu unarudi. Kila ninayemuuliza anasema damu haizunguki, au ananiuzia mafuta ya kuchua.

Nawaomba waliopimwa wakaambiwa sababu. Ukieleza, taja ni sehemu gani hasa ya mguu, ni mmoja au yote miwili, na ukisimama inachukua muda gani kuisha. Naamini jibu limo humo.

Dereva wa Tunduma
Kwangu ilianzia kwenye kalio la kulia, ikapita nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu. Mtaalamu wa fiziotherapia hakunigusa kwanza, aliniuliza mfuko wa nyuma nimeweka nini. Waleti nene: leseni, kadi, stakabadhi za mizani, zote humo. Akanieleza kwamba neva ya siatiki (mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni) inapita chini ya misuli ya kalio, na mtu anayekaa upande mmoja umeinuka saa nyingi anaibana. Waleti ikahamia mfuko wa shati. Siku hizi kwenye foleni ya mizani nashuka natembea. Ganzi imeisha, kiuno bado kinauma kidogo.

Fizio wa Mkoa
Mleta mada, pole. Nakuuliza jambo moja: ukiwa kwenye stuli unakunja nne?

Gusa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kifundo kidogo cha mfupa. Neva ya peronea inakizunguka hapo ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ukikunja nne, inabanwa kati ya mfupa huo na goti la chini. Ndiyo inayopeleka hisia upande wa nje wa mguu na juu ya wayo, eneo hilohilo ulilotaja. Ninao wagonjwa waliopata hivyo kwa kuchuchumaa muda mrefu wakipalilia.

Kuhusu damu: kwenye mishipa mikubwa inaendelea kupita. Kinachobanwa ni neva pamoja na vimishipa vidogo vinavyoilisha, ndiyo maana ukiachia inaamka kwa kuchomachoma. Jaribu kutembea kwa visigino, vidole vikiwa juu. Ukishindwa kuuinua wayo, usikae nyumbani, nenda ukapimwe.

Mleta mada
Nakunja nne kutwa nzima, mkuu. Visigino naweza, miguu yote. Asante sana.

Mama wa Moshi
Wanangu, yangu si kama hiyo. Ni miguu yote miwili, ilianzia vidoleni ikapanda taratibu, mpaka nikawa najihisi nimevaa soksi wakati niko pekupeku. Nilikuwa naiona nikikaa kwa sababu ndipo ninapotulia, lakini usiku ndiyo ilikuwa kali, inawaka moto. Kusimama hakukusaidia. Nilipopimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikazidi 7, wakarudia siku nyingine, ikawa hivyohivyo. Kisukari.

Baadaye, nikiwa natumia metformini miaka mingi, ganzi ikaongezeka ingawa sukari ilikuwa nzuri. Daktari akapima vitamini B12, ikawa chini. Dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini, wanaoitumia waulizieni kipimo hicho.

Na jamani, msikande miguu yenye ganzi kwa maji ya moto! Jirani yangu aliungua malengelenge hakusikia kitu, kidonda kikachukua miezi kupona. Pima maji kwa kiwiko, au mwambie mtu mwenye hisia akupimie. Kila jioni kagua nyayo zako kwa kioo.

Kijana wa Nakuru
Shikamoo mama, hilo la maji ya moto nitamwambia baba leo.

Mimi nilikuwa kwenye dawa za TB. Nyayo zote mbili zilikufa ganzi, nikikaa darasani nahisi sindano. Muuguzi alinieleza kuwa isoniazidi ndani ya zile dawa hupunguza vitamini B6 mwilini, na neva zinaihitaji. Akaniongezea piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, ganzi ikapungua polepole. Dawa za TB sikuacha hata siku moja, na nawasihi msiache kwa sababu ya ganzi. Semeni kliniki, kuna la kufanya.

Mzazi Mpya
Paja la kulia, upande wa nje tu. Nikipitisha kidole naona si ngozi yangu, ila nguvu zipo. Ilikuwa mkaja, niliufunga kwa nguvu sana baada ya kujifungua. Nilipoulegeza ikaisha. Kumbe hata mkanda wa suruali ya kubana unaweza kuleta hivyo.

Mwenyeji wa Lindi
Msisahau ukoma, haujaisha. Mjomba wangu alikuwa na ganzi ya mguu pamoja na baka lililopauka lisilo na hisia. Dawa hutolewa bure, na anayewahi anapona kabla neva hazijaharibika.

Fizio wa Mkoa
Ganzi ikishika sehemu za siri na mahali unapokalia, au mkojo ukagoma kutoka, au unatoka wenyewe, huyo ni mgonjwa wa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa. Na ikija ghafla upande mmoja, mkono na uso vikiwemo, fikiria kiharusi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari ndefu, inaweza kuwa damu imeganda. Hapo usichue.

Dereva wa Tunduma
Mkuu, na hiki kiuno changu? Nikipiga chafya maumivu yanashuka mpaka mguuni.

Fizio wa Mkoa
Chafya na kikohozi vikishusha maumivu mguuni, mara nyingi ni diski ya kiuno (ule mto laini kati ya pingili za mgongo) inayogusa neva. Njoo au nenda kituo kilicho karibu na njia yako, wakupime nguvu ya kidole gumba cha mguu na wakugonge nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino, kwa nyundo ndogo. Si lazima uanze na picha ya gharama kubwa.

Mleta mada
Nimeweka kreti ya soda chini ya miguu, nne sikunji tena. Kesho asubuhi naenda kupima sukari kabla ya chai, maana bibi yangu alikuwa nayo. Wengine endeleeni, na tafadhali tajeni sehemu ya mguu.