Ukuta wa umma Kisumu: apewe fundi wa brashi au kijana wa kompyuta?

Mleta mada, Kisumu
Tuseme kaunti imetenga pesa za kupamba ukuta mmoja mkubwa hapa mjini. Wanaomba kazi wawili: fundi mwenye brashi na mikebe ya rangi, na kijana mwenye laptopu anayetaka kuweka skrini ambayo picha yake inachorwa na hesabu usiku kucha, bila kujirudia. Apewe nani?

Mimi niko upande wa kijana, kwa sharti moja: atueleze hadharani kanuni anayoipa mashine. Kanuni ndiyo sanaa yake, kompyuta ni kibarua tu. Akishindwa kuieleza, huyo ni mbonyeza kitufe, asilipwe.

Na msiseme ni mambo ya juzi. Georg Nees alionyesha michoro ya kompyuta kule Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1965. Vera Molnár, msanii mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza hata kabla ya kupata mashine: tangu 1959 alijitungia kanuni na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua. Kompyuta aliipata 1968.

Mchora mabango, Kondele
Mkubwa, maneno matamu hayo. Mabango ya kuchapishwa yalishatunyang'anya maduka na hoteli, sasa mnataka na ukuta wa umma? Mimi nikichora kichwa kwenye mlango wa kinyozi, mwenye duka anasimama nyuma yangu: pua imekuwa ndefu, fundi. Napunguza hapo hapo. Hiyo skrini utaiambia nini ikusikie? Na stima ikipotea tutabaki tukitazama kioo cheusi. Rangi yangu haili tokeni.

Mwalimu wa hesabu, Kakamega
Fundi, nipe dakika nikuonyeshe kinachofanyika mle ndani, halafu nitampinga mleta mada.

Chukua namba −1. Anza na sifuri, izidishe kwa yenyewe, ongeza −1: unapata −1. Jibu hilo lizidishe kwa lenyewe, ongeza −1 tena: sifuri. Utazunguka hapo milele, kwa hiyo nukta ya −1 ipake nyeusi. Sasa jaribu 1: unapata 1, 2, 5, 26, 677, inatoroka. Nukta hiyo ipake rangi kulingana na inavyowahi kutoroka. Rudia kwa kila nukta ya skrini (zilizo juu na chini ya mstari wa namba zinatumia namba changamano, tuziache) na litatokea umbo ambalo Benoît Mandelbrot alilichora kwa kompyuta za IBM mwaka 1980. Ukingo wake hauishi: kila ukikuza, unakuta mikunjo mingine.

Mleta mada, shida yako iko hapo. Kanuni hiyo ni mstari mmoja, haina mwenyewe, na mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuiandika. Kaunti itakuwa inalipia kitu cha bure. Tena huko kutoisha kwa ukingo ni kwa kwenye karatasi tu. Kompyuta kwa hesabu zake za kawaida hubeba tarakimu kama 16. Kuza kupita hapo, mikunjo inageuka viraka vya miraba.

Mkazi wa Nakuru
Mnagombania kanuni, mbona hakuna anayeuliza data ni ya nani? Msanii Refik Anadol alipoonyesha kazi yake ya kompyuta katika jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 2022, mashine ilikuwa imelishwa kumbukumbu za picha zaidi ya 138,000 za jumba lenyewe. Zao, kwao. Nyinyi mtalisha nini? Msijibu "ziwa" haraka. Huku kwetu Ziwa Nakuru limefura hadi kumeza lango kuu la zamani la hifadhi, na flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Watu wamepoteza mashamba. Mtu akinigeuzia hayo kuwa mawimbi ya rangi yanayopendeza, nitaona ananicheka.

Mleta mada, Kisumu
Mwalimu, nakubali kanuni ya Mandelbrot hailipiwi. Ninachotaka kulipia ni uamuzi: namba zipi, rangi ipi, isimamie wapi. Na wa Nakuru, mimi ningeleta ziwa vilevile. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Watu wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, wanajua maji yalifika wapi. Ipakwe ukutani kwa kimo chake, bila urembo.

Mchora mabango, Kondele
Hapo sasa umekuja kwangu. Nipe orodha ya vipimo, mwaka kwa mwaka, nitavuta mstari mmoja kwa kila mwaka kwa mkono. Skrini ya nini?

Mwalimu wa hesabu, Kakamega
Na huyo ndiye Molnár kabla ya 1968, mleta mada. Umeshindwa na mifano yako mwenyewe.

Mchora mabango, Kondele
Huyo mama simjui. Ninachouliza ni hiki: aliyeleta namba anataka mgao? Maana ngazi napanda peke yangu.