Maktaba yetu ina ukurasa wa Facebook, lakini mwenye funguo yuko Kolwezi

Mama_Fishi (Lubumbashi)
Jambo wote. Niko kwenye maktaba ndogo, komini ya Kenya (Wakenya msishtuke, Kenya ni mtaa wetu huku). Tuko watu watano. Mwaka jana stajieri mmoja (kijana wa mafunzo ya kazi) alitufungulia ukurasa wa Facebook, ukachangamka, wanafunzi wakawa wanaulizia humo vitabu vya kujitayarishia egzeta, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari. Staji ikaisha, kijana akaenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi, ukurasa nao ukaenda naye kwa sababu aliufungua kwa akaunti yake. Picha ya mwisho ni ya Krismasi. Watu wanaandika "muko wazi leo?" na hakuna wa kuwajibu.

Shefu kaniambia nifundishe wenzangu wote. Jumatatu nikawakalisha saa mbili nzima: Facebook, WhatsApp, barua pepe, Google Drive, yote mara moja. Umeme ukakatika katikati, nadhani wenzangu walishukuru Mungu. Papa wetu wa katalogi, aliyeanza kupanga fishi (kadi za vitabu) mimi sijazaliwa, akafunga daftari akasema: "Binti yangu, mimi msomaji namwona usoni." Sikuwa na jibu. Nianzie wapi?

MkutubiDar
Pole dada. Hizo saa mbili ndizo zilizokuponza. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, ilikuwa na kazi kama yako, ila watumishi wengi zaidi. Helene Blowers hakuwaita darasani. Aliwawekea mambo 23 madogo ya kujaribu wenyewe: fungua blogu, pandisha picha, tafuta podikasti. Kila mtu aliandika kwenye blogu yake alichokutana nacho, na aliyemaliza alipewa kifaa cha kusikilizia muziki cha MP3. Maktaba nyingi nje ya Marekani ziliiga.

Orodha yao muiache, mengi yameshapitwa. Chukueni mwendo wao: jambo moja kwa wiki, robo saa, kila mtu kwa kidole chake. Ukishaanza kupokonya simu ya mwenzako eti "lete nikuoneshe", somo limekufa.

Yaya_Katuba
MP3, haya. Hapa kwetu nani analipa mega za intaneti? Kazini kwangu tuliambiwa tuingie WhatsApp ya kazi kwa simu zetu na forfe yetu, yaani kifurushi cha mega tunachonunua wenyewe. Wiki ya pili kundi lilinyamaza kama kaburi. Mwambie shefu anunue simu moja ikae kwenye droo ya maktaba, yenye namba ya maktaba, si ya mtu. Weka WhatsApp Business, ni bure, na salamu yake inayojituma yenyewe iandikwe saa za kufungua. Wa "muko wazi leo?" watapungua.

Fundi_Bukavu
Usifungue ukurasa mpya kwanza. Kama kijana hana kinyongo, ni kazi ya dakika chache: kwenye mipangilio ya ukurasa anakuongeza wewe na mwenzako mmoja kwa mamlaka kamili, mkishakubali mwaliko mnamtoa yeye. Asikutumie neno lake la siri, hilo ni la akaunti yake binafsi. Halafu kila mmoja wenu awashe uthibitisho wa hatua mbili (kuingia kwa neno la siri pamoja na namba ya pili), na zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea aziandike karatasini.

Siku za giza, jaribuni programu ya Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja, inasomeka bila intaneti. Ya Kiswahili ni nyepesi. Ya Kifaransa yenye picha zote ni makumi ya gigabaiti, msithubutu kuishusha kwa mega za simu!

Mzee_wa_Rafu
Mimi ni mkutubi mstaafu. Huyo papa hajakataa, amesema kweli tupu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Semina nilihudhuria, nikala mandazi, nikarudi nyumbani. Kilichonigeuza ni msomaji mmoja aliyetuma picha ya kitabu kilichochanika jalada, jina la mwandishi halipo. Vijana walishindwa wote, wakaniletea simu. Nilikitambua kwa rangi ya uti wake. Nikajibu mwenyewe kwa ujumbe wa sauti, maana herufi za kwenye kioo vidole vyangu havizipati. Mpe papa maswali ya vitabu, aongee. Picha na mapambo wafanye wengine.

Mama_Fishi
Narudi na habari. Kijana wa Kolwezi amecheka sana, ametuma mwaliko jana usiku akitoka zamu. Simu shefu ameikubali. Forfe amesema "tutaangalia", mnajua maana yake.

Leo mtu wa Ruashi aliulizia kitabu cha hesabu "chenye jalada la kijani", basi, hakuna zaidi. Nikamwekea Papa simu mbele. Aliishika kama sahani iliyotoka motoni, akabonyeza, akaongea dakika nne, mbili za kwanza ni salamu na habari za familia. Kitabu alikitaja pamoja na rafu yake. Msomaji akajibu: "Asante Papa, nakuja kesho."

Sasa Papa hanipi raha, kila saa ananiuliza: huyo mtu akiingia kesho, nitamjuaje?