Naombeni ushauri: harusi ya Kikatoliki Jumamosi, mimi si Mkatoliki

Mjasiriamali Dom
Wakuu, habari za usiku. Jumamosi nina harusi ya Kikatoliki hapa mjini, Misa saa nane mchana. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, kwa Wakatoliki nimezoea kwenda misibani tu. Gauni la mikono mifupi linaruhusiwa? Kupiga magoti ni lazima? Na wakati wa komunyo nifanyeje nisionekane kituko? Maana kwetu huwa napokea.

Katekista Mstaafu
Mikono mifupi haina shida, mabega yawe yamefunikwa. Beba mtandio. Wenzako wakisimama simama, wakikaa kaa. Wakipiga magoti, mgeni anaweza kukaa kwa heshima zake. Komunyo usipokee, hata kama kwenu unapokea. Baki kwenye benchi. Parokia nyingine unaweza kupita umekunja mikono kifuani, padri anakupa baraka. Hakuna atakayekuangalia.

Pilau Mbili
Komunyo dogo hilo. Kadi yako singo au dabo? Mimi kuna harusi moja Area D nilichanga ya dabo, kufika ukumbini jina liko upande wa singo. Mama watoto kashatengeneza nywele, kiatu kimejaa vumbi, mlinzi anamwangalia tu. Tulikula chipsi barabarani mimi nikiwa na tai. Kamata mwekahazina wa kamati mapema.

Mjasiriamali Dom
Mchango nimemaliza kaka. Shida yangu ni hapo kwenye "hakuna atakayekuangalia". Kanisa zima litaniona.

Binti Kondoa
Likuone wewe kama nani? Kwani unakaa wapi, altareni?

Mjasiriamali Dom
Karibu na hapo. Mimi ndiye matroni.

Binti Kondoa
Ahaa! Na besti man?

Mjasiriamali Dom
Mume wangu. Yeye kabatizwa Mkatoliki, ila ndoa tulifunga bomani. Mama wa bibi harusi aliniuliza kama ndoa yetu ni ya kanisani, nikaitikia. Cheti si ninacho? Ndoa ni ndoa. Halafu gauni limeshashonwa, suti imelipiwa, na picha za kabla ya harusi tumepiga wote wanne. Sasa nirudi nyuma vipi?

Katekista Mstaafu
Mama, ungeanza na hilo. Kanuni ya 1108 ya Sheria ya Kanisa inataka padri au shemasi na mashahidi wawili, na dini ya shahidi haitajwi hapo. Lakini huku kwetu maparoko wengi wanataka wasimamizi wawe Wakatoliki wenye ndoa ya Kanisa, kwa sababu ndio watakaowalea hao vijana nyumba ikianza kuwaka moto. Na mumeo naye hapokei komunyo mpaka ndoa yenu ibarikiwe. Kwa hiyo mtabaki mmekaa wote wawili, pale mbele.

Mtumishi
Dada, umemdanganya mama wa watu usoni. Tubu kwanza, mambo ya gauni baadaye.

Jicho la Tatu
Subirini kidogo. Akaunti hii hii mwezi uliopita ilikuwa inauza kiwanja Nzuguni, ikaandika "mimi na mke wangu tunahama". Leo imekuwa matroni? Halafu parokia gani haiwahoji wasimamizi? Sisi tulidaiwa cheti cha ndoa kabla hata matangazo hayajaanza kusomwa. Chai hii, na sukari imezidi.

Pilau Mbili
Nilishangaa mimi! Matroni gani anaitwa Mjasiriamali 😂

Mjasiriamali Dom
Akaunti ni ya baba watoto, nimeingilia kwenye simu yake. Yeye hajui kama nimeandika. Cheti tumeambiwa twende nacho Alhamisi kwenye mazoezi.

Jicho la Tatu
Hajui, lakini kesho ataukuta uzi kwenye akaunti yake. Haya, endelea.

Katekista Mstaafu
Iwe chai au isiwe, nitajibu, maana wapo wengi wa hivi. Cheti cha bomani paroko atakijua akikitupia jicho tu. Msingoje Alhamisi. Mwambie bibi harusi leo, kesho mwende wote kwa paroko. Akikataa, wanatafutwa wanandoa wengine wa kusaini, na ninyi mnaweza kuombwa kuwasindikiza maharusi na gauni lako hilo hilo. Ya kwenu nayo ulizia hapo hapo: ndoa ya mseto ina kibali chake cha askofu, watu wanapata.

Mjasiriamali Dom
Asante baba. Ila bibi harusi nitamwambia baada ya harusi. Sasa hivi ana presha, hata kula hali.

Binti Kondoa
Presha ya leo anayo nyumbani. Hiyo ya Alhamisi ataipata mbele ya paroko na mama mkwe.

Mjasiriamali Dom
Basi naongea na mume wangu kwanza.

Mtumishi
Mumeo ndiye umedanganya naye. Ongea na bibi harusi.

Pilau Mbili
Ukimwamsha baba watoto, muulize kile kiwanja kina hati.