Wamepinda bati la Altezza yangu, na kijana kalala chini ya gari kwa jeki tupu!

Wakuu, leo nina hasira. Jumamosi nilipeleka Toyota Altezza yangu gereji moja upande wa Ndeeba, hapa Kampala, kazi yenyewe bushi za mbele tu, vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya chini. Gari nimelifungia springi fupi, liko chini sana, kwa hiyo niliwaambia mapema: msiinue, nikirudi nitawaonyesha pa kuweka jeki. Nikaenda Kisekka, soko la vipuri, kutafuta bushi.

Narudi, gari liko juu. Jeki wameipachika katikati ya mlango wa dereva, mahali pasipo na nguvu yoyote. Ule mshono wa bati unaopita chini ya milango umelala kabisa, rangi imebanduka urefu wa kiganja, sketi ya pembeni, ile plastiki ya urembo chini ya milango, imepasuka. Jamani, mtengenezaji ameweka alama! Pitisha kidole kwenye mshono, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kila sehemu utagusa vipengo viwili vilivyokaribiana. Jeki inakaa kati ya hivyo vipengo, tena juu yake unaweka kipande cha mpira chenye mfereji ili mshono uzame ndani usibanwe. Ni kazi ya dakika moja.

Lakini bati linanyooshwa. Kilichonitetemesha ni kijana aliyekuwa chini ya gari hadi kiunoni, kandambili zimetokeza nje. Hakuna stendi hata moja, vile vyuma vya kubeba gari likishainuliwa. Kando ya jeki wameegesha tofali la saruji, na tofali lina ufa kutoka juu hadi chini. Nilimshika mguu nikamwambia toka, toka sasa hivi. Mwenye gereji ananijibu, "Ssebo (yaani bwana), sisi tunafanya hivi siku zote." Siku zote! Jeki ile inashikiliwa na mafuta na sili ya mpira. Sili ikichoka, gari linashuka, na linaweza kushuka mara moja. Tofali nalo likikandamizwa na ncha moja ya chuma hupasuka bila kukuonya. Altezza ina zaidi ya kilo 1,300. Mama wa yule kijana angeambiwa nini?

Na chini ni udongo mwekundu, mvua imenyesha usiku. Jeki ya magurudumu lazima isogee kidogo kadiri mkono wake unavyopanda. Ikizama kwenye udongo haisogei, inalivuta gari au inainama.

Nimeamua kazi ndogo nitafanya mwenyewe nyumbani, kwenye sakafu ya zege. Gari la chini namna hii jeki ya kawaida haiingii, bampa linazuia, kwa hiyo kwanza napandisha matairi ya mbele juu ya mbao mbili pana. Nati nalegeza tairi likiwa bado chini. Halafu kabari, na hapa wengi wanajidanganya: breki ya mkono inashika matairi ya nyuma tu, na Altezza inasukumwa na matairi hayohayo ya nyuma. Ukiinua nyuma, hendibreki haina kazi, gia haina kazi, gari limebaki kusimama kwa matairi ya mbele yanayozunguka bure. Tia kabari mbele na nyuma ya kila tairi linalobaki chini. Stendi mbili zilizoandikwa uzito zinaoubeba, shusha gari likae juu yake, lisukume kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likicheza, anza upya. Tairi ulilotoa lilaze chini ya kizingiti, yaani ukingo wa gari chini ya milango, gari likianguka liangukie tairi.

Gereji imekataa kulipa hata shilingi. Nauliza mambo mawili: nani anamjua fundi wa bodi hapa Kampala anayeweza kuunyoosha mshono huo bila kuujaza puti? Na jeki fupi ya kweli, inayoingia chini ya gari lililoshushwa, mnanunua wapi? Nilizoziona mpaka sasa ni ndefu mno.