Minyoo wamejaa kwa tangi langu la maji ya chumvi, na yule wa manyoya ameangusha mwavuli. Nisaidieni

Mama_Tangi_Ksm: Wadau habari zenu. Niko Kisumu, tangi langu ni lita 120, kuna mawe hai (mawe ya baharini yenye vijidudu hai), matumbawe kidogo na klaunfishi wawili. Juzi usiku nikamulika tochi nikaona minyoo wa pinki kila mahali kwa mawe, wako pingili pingili na vinywele vyeupe ubavuni, wengine urefu wa kidole, sasa leo asubuhi nakuta ule mnyoo wangu wa kwa mrija, ule hufungua mwavuli wa manyoya, mwavuli wote umelala kwa mchanga. Nimelia jameni. Ni hawa wamemkula? Kuna mtu amenishauri niweke dawa ya shaba niwamalize wote.

Fundi_Nakuru: Dada usiweke hiyo dawa!! Shaba haichagui, itaua minyoo, konokono, kamba na matumbawe, na ikishaingia kwa mawe kuitoa ni balaa. Hao wa pinki ni wafagiaji tu, wanakula mabaki na samaki akifa. Wakizidi ujue unalisha sana, punguza chakula nao watapungua. Usiwashike na mkono mtupu, vinywele vinadunga na vinawasha vibaya, vikikuingia bandika seloteipu uvute.

jirani_wa_dunga: Ila angalia kichwa pia. Ukiona mkubwa mwenye vipembe vitano na mataya, huyo ni Eunice, aina ya mnyoo mwindaji, mtege usiku na kipande cha nyama ya kamba ndani ya chupa umtoe. Na swali, maji yakipungua unaongeza gani? Na hii joto yetu yanapungua haraka.

Mama_Tangi_Ksm: Naongeza ya chumvi, si tangi ni la chumvi?

jirani_wa_dunga: Shida iko hapo mazee. Kinachopanda na mvuke ni maji peke yake, chumvi inabaki, kwa hivyo kila ukijaza unaweka chumvi juu ya chumvi. Pima.

Mama_Tangi_Ksm: Nimeazima haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji. Inasoma 1.030 😭

Fundi_Nakuru: Inafaa 1.025 au 1.026. Shusha polepole, toa jagi moja la maji ya tangi urudishe maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, fanya hivyo siku kadhaa, usikimbize. Ya mfereji usiweke hivyo hivyo, yana klorini. Na tafadhali usitupe mrija! Huyo mnyoo maji yakimsumbua anaangusha mwavuli mwenyewe na anabaki ndani, baadaye anaotesha mwingine. Bonyeza mrija taratibu. Ukinuka na uko mtupu amekufa, toa haraka kabla maji hayajaharibika.

Mama_Tangi_Ksm: Haunuki. Nimebonyeza nikasikia kitu kimejivuta ndani!!

jirani_wa_dunga: Basi yuko hai. Mwavuli ukirudi mpe fitoplanktoni, vile vimea vidogo sana vya majini, anachuja vitu vidogo vinavyoelea, chakula cha samaki ni kikubwa kwake.

Mama_Tangi_Ksm: Wiki ya nne leo. Chumvi 1.026, wale wa pinki siwaoni sana. Na kwa mdomo wa mrija kuna manyoya mafupi meupe, nikipitisha kivuli yanaingia ndani.