Kaka aliyetuombea kuhamia Marekani amefariki: je, ombi letu bado lina uhai?

Muulizaji, Dodoma
Ndugu zangu, kaka yangu, raia wa Marekani, aliniombea mimi na familia yangu kwa fomu I-130 mwaka 2010, na barua ya kukubaliwa ilitufikia mwaka 2013. Tangu hapo tunasubiri zamu, kwani foleni ya ndugu wa raia ni ndefu mno. Mwezi uliopita kaka amefariki hukohuko. Matanga tumeyaanua juzi nyumbani Mpwapwa. Barua ile ninaihifadhi katika bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya watoto, wala sijui kama ina thamani tena. Mwanawe mwenye miaka 26 yuko tayari kushika nafasi ya baba yake. Naomba mwongozo.

Jibu la kwanza
Poleni sana kwa msiba. Mwombaji akifariki, ombi lililokubaliwa hubatilika lenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa lilikubaliwa angali hai, wewe mwenyewe unaweza kuiandikia Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS, ukiomba lirejeshwe kwa sababu za kibinadamu. Hakuna fomu maalumu wala ada; unaandika barua na kuambatisha cheti cha kifo, nakala ya barua ya kukubaliwa na fomu I-864 ya mdhamini mpya, yaani ndugu anayeahidi kuwasaidia kifedha badala ya marehemu. Uamuzi ni hiari yao na haukatiwi rufaa, kwa hiyo eleza kwa kina ndugu mlio nao kule, umri, afya na miaka mliyosubiri. Wakikubali, nafasi yako ya mwaka 2010 kwenye foleni inabaki. Lingekuwa halijakubaliwa, nanyi nyote mnaishi nje ya Marekani, njia hii isingekuwepo.

Jibu la pili
Kaka, pole. Naomba uangalie sana suala la mdhamini, kwa sababu mimi liliniumiza. Dada yangu alipofariki, aliyetuandalia nyaraka alimweka bintiye kuwa mdhamini, na ombi likakataliwa. Kwetu mtoto wa dada ni mwanangu na ananiita mama mdogo, kama huyo kijana anavyokuita baba mdogo, na hakuna anayeuliza zaidi. Sheria ya Marekani inataja mwenzi, mzazi, mkwe, ndugu wa kuzaliwa, mtoto wako mwenyewe, shemeji, babu au bibi, mjukuu na mlezi wa kisheria. Mtoto wa ndugu hayumo. Mjane wa kaka yako, akiwa raia au mkazi wa kudumu anayeishi kule, anafaa kwa kuwa ni shemeji yako. Kipato chake kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kisipotosha, na kijana akiwa anaishi nyumba moja na mama yake, kipato chake kinaweza kujumlishwa kwa fomu I-864A.

Jibu la tatu
Hakikisha vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), chako na cha marehemu, vinaonyesha majina ya wazazi yaleyale, herufi kwa herufi. Na mtu asikushauri kunyamazia kifo hadi siku ya usaili: udanganyifu wa namna hiyo unaweza kukufungia Marekani maisha.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Shemeji ni raia, nimezungumza naye usiku huu naye amekubali, na kijana bado anaishi kwake. Cheti changu kimeandikwa jina la baba tofauti na cha kaka, kwa hiyo Jumatatu naanzia RITA.