Tupeane uzoefu: tiki ya "mabadiliko madogo" Wikipedia unaiweka lini?

Kalamu ya Bara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wetu sisi tunaohariri Wikipedia ya Kiswahili. Ukimaliza kuhariri, kabla hujachapisha, karibu na sehemu ya muhtasari (pale unapoeleza umebadili nini) kuna kijisanduku kimeandikwa "Haya ni mabadiliko madogo". Wapo wanaokitiki kila mara, wapo ambao hawajawahi kukigusa tangu wafungue akaunti. Mimi hupenda kupitia mabadiliko ya karibuni, na naona tiki hii inatuletea shida hata pale ambapo mtu hakuwa na nia mbaya.

Kilichonisukuma kuandika ni makala ya mwanasiasa mmoja mstaafu. Kuna mhariri alibadili "ni mwanasiasa" ikawa "alikuwa mwanasiasa", akatiki, muhtasari akauacha mtupu. Herufi chache tu, lakini tayari ameshamzika mtu. Siku hiyo uvumi wa kifo ulikuwa unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mzee mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Neno lile lilikaa hadi kesho yake, maana wengi wetu tumeweka mabadiliko madogo yasionekane kwenye maangalizi, yaani orodha ya kurasa tunazozifuatilia.

Kwangu mimi, tiki haihesabu herufi. Ukitiki unawaambia wenzako kwamba hapa hakuna atakayehitaji kuja kukagua wala kubisha. Sasa leteni yenu.

Mchwa

Mkuu, umenigusa. Mimi kambi yangu ni makala za kata za Tanzania. Nyingi ni mbegu, yaani makala fupi sana, zenye sentensi ileile: kwa mujibu wa sensa iliyofanyika mwaka 2012, kata ilikuwa na wakazi kadhaa waishio humo. Yalipotoka matokeo ya sensa ya 2022 (nchi nzima watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 ya mwaka 2012) kazi ikawa kuhuisha idadi, kata baada ya kata. Unabadili mwaka, unabadili tarakimu tano, unachapisha, unahamia nyingine. Mkono ukishazoea, unatiki zote.

Sikubaliani na hilo hata kidogo. Idadi ya watu ni dai, na dai lina chanzo. Nimekutana na kata ambayo mwaka umebadilishwa kuwa 2022, idadi imeachwa ileile ya 2012, na tanbihi bado inaelekeza kwenye ripoti ya zamani. Ukifungua historia ya ukurasa, kila hariri imewekewa alama ya badiliko dogo, kwa hiyo hakuna aliyefungua kulinganisha. Halafu zipo kata zilizomegwa kati ya sensa hizo mbili, idadi inashuka badala ya kupanda. Msomaji wa kata hiyo ana haki ya kuliona badiliko hilo na kuuliza kulikoni.

Ninachotiki bila kusita ni mkato uliokosekana kwenye 61741120, nafasi mbili zilizofuatana, "Tanzana" iliyotakiwa kuwa "Tanzania", au kiungo kilichofungwa kwa bano moja badala ya mawili. Tarakimu yenyewe ikiguswa, hata moja, sitiki, na kwenye muhtasari naandika "sensa 2022".

Pwani Moja

Kwa takwimu niko nanyi. Ila jamii za makala, yaani makundi ya mada yanayoorodheshwa chini ya ukurasa, mimi natiki, na sioni tatizo. Nikiongeza "Jamii:Kaunti ya Kilifi" kwenye makala ya mji ulio Kilifi, matini sijaigusa. Nikiacha kutiki nitawajazia watu maangalizi kwa kitu ambacho hakina ubishi.

Kalamu ya Bara

Pwani Moja, hiyo ya Kilifi hata mimi ningetiki. Lakini kumbuka ipo pia "Jamii:Watu walio hai". Ukiitoa, habari yake ni ileile ya "alikuwa mwanasiasa". Na ukimweka mtu kwenye jamii ya kabila au dini fulani, lazima kuna atakayetaka kujua umetoa wapi.

Mtaa wa Pili

Samahani, mimi mgeni. Huwa nahariri bila kuingia kwenye akaunti, na hicho kijisanduku sikioni kabisa. Ni simu yangu?

Mchwa

Karibu sana. Si simu. Asiyeingia kwa akaunti hapewi tiki hiyo, kwa sababu ingekuwa rahisi mno kwa mharibifu kupitisha uharibifu wake kimyakimya. Fungua akaunti, ni bure. Na ukianzisha makala mpya usiitegemee, ukurasa mpya hauhesabiwi kuwa badiliko dogo hata ukiwa na mstari mmoja.

Chaki na Ubao

Mimi nafundisha historia, kwa hiyo macho yangu yako kwenye makala za Vita vya Maji Maji na nyingine za enzi ya Wajerumani. Tazameni sentensi mbili hizi: "Wapiganaji walishambulia Mahenge" na "Wapiganaji walishambuliwa Mahenge". Imeongezeka w peke yake. Kwenye orodha ya mabadiliko inaonekana +1, sawasawa na mtu aliyeweka nukta. Lakini ya kwanza inasema kilichotokea Agosti 1905, watu wakilivamia boma la Wajerumani, na ya pili inawageuza wavamiwa. Mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mtihani hatajua kwamba kuna herufi imepita hapo.

Mhariri aliyeitia w hiyo huenda aliona anasahihisha sarufi, simlaumu. Niliirudisha kwa mkono, sikutiki, nikaeleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano. Kuondoa matusi au kurudisha makala ambayo mtu ameifuta maandishi yote ni jambo jingine, pale tiki ni sawa, na kitufe cha kurejesha walichonacho wakabidhi (wasimamizi wa Wikipedia) kinaweka alama hiyo chenyewe. Ila pakiwa na mabishano ya kweli kati ya wahariri wawili, kurudisha lako huku umetiki ni kumnyima mwenzako nafasi ya kuona. Hilo huwa linaniuma kuliko makosa ya tahajia.

Pwani Moja

Chaki, na mtu akishachapisha ndipo anagundua hakupaswa kutiki? Maana baada ya hapo naona hakuna pa kuitoa.

Chaki na Ubao

Haitoki, ndiyo. Ingia tena kwenye makala hiyohiyo, rekebisha kitu kidogo cha kweli kama nafasi iliyozidi, kisha kwenye muhtasari andika "hariri iliyotangulia haikuwa ndogo, nilibadili mwaka", na hii nayo usiitiki, ili iwafikie hata waliochuja mabadiliko madogo yasionekane.